Nilivyolipata kaburi la Luteni Dartnell mjini Voi

Marehemu babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake alibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika nyika ya Maktau, kusini mwa Kenya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hakumaliza masimulizi hayo bila kumtaja afisa mmoja mzungu aliyekataa kuwaacha majeruhi wake. Tulipokwisha kumzika babu niliazimia kulitafuta kaburi la afisa huyo, jambo lililonichukua karibu miezi miwili.

Jina lake sikuchelewa kulipata. Ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akiwa na umri wa miaka 30. Siku hiyo Wajerumani na askari wao walikuwa wamesogea karibu mno, hata ikawa haiwezekani kuwaondoa waliojeruhiwa vibaya. Dartnell mwenyewe alikuwa amepigwa risasi ya mguu na wenzake walikuwa wakimbeba kumtoa pale, lakini alipoona hali ilivyo alishikilia kwamba aachwe nyuma, kwa matumaini kwamba angeweza kuwaokoa wale majeruhi wengine. Alikufa pamoja nao, na Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba ametunukiwa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda Maktau, nikidhani kwamba alipofia ndipo alipozikwa. Nilirudi mikono mitupu. Kisha nikaipekua orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nikimtafuta miongoni mwa wanajeshi wa Australia, nako sikumwona, kwa kuwa alikuwa amejiunga na kikosi cha Kiingereza, Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Isitoshe, kumbukumbu nyingine humwita William Thomas. Nilipoacha kutaja nchi na jina la kwanza, nikaandika ukoo na tarehe ya kifo tu, kaburi likajitokeza: lipo Voi. Anayetafuta kaburi la zama hizo namshauri aanze na ukoo na tarehe ya kifo, tena aandike pembeni herufi na namba za safu kabla hajafunga safari.

Mzee niliyemkuta makaburini nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi yangu. “Fuata safu, mwanangu,” aliniambia, “ukifuata majina utazunguka mpaka jua litue.”

Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limejaa katika mistari ya msalaba uliochongwa kwenye jiwe. Kwa ruhusa ya mzee nililipangusa taratibu kwa brashi laini na maji matupu, kwa sababu sabuni hula mawe ya namna hiyo, na nilipopitisha kidole nilizihisi kingo za msalaba, bado kali. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Yule mtu wa hadithi za babu alikuwa mbele yangu, na machozi yalinitoka.

Jioni nilimpigia simu mama kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na wale wapagazi wenzake babu yangu, waliofia huko, wamezikwa wapi?” Nilikosa la kumjibu, kwa maana wengi wao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote.