Nilivyopata mashine ya kubaindi spairo kwa bajeti ya laki nne

Ofisi yetu ni ya watu wanne, hapa Morogoro mjini. Tunafundisha vikundi vya kuweka na kukopa, na kila mafunzo yana kitini chake. Vitini 40, mara mbili kwa mwezi, vyote tulikuwa tunavipeleka steshenari kwa shilingi 2,500 kimoja. Hiyo ni laki mbili, na bado unaambiwa urudi kesho kwa sababu umeme umekatika.

Siku moja mkurugenzi akanichoka. "Wewe ndiye unayelalamika, basi tafuta mashine. Isizidi laki nne, na spairo zake humohumo." Spairo ni ule uzi uliojizungusha unaoshika kurasa pembeni.

Nikapanda basi hadi Kariakoo. Kwenye begi nilibeba kitu ambacho wenzangu walikicheka: karatasi zetu wenyewe, kama mia hivi, na kitini kimoja kilichokwisha kubaindiwa. Hizo karatasi ndizo zilizoniokoa.

Duka la kwanza nilioneshwa mashine nzuri, nyepesi, bei laki na themanini. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, hii inatoboa spairo?" Akajibu bila kupepesa macho, "Inatoboa zote, dada." Nikaingiza karatasi zangu, nikavuta mpini, kisha nikakaa kuhesabu matundu. Yalikuwa 21, ya mstatili, mapana. Hiyo ni mashine ya ile plastiki yenye meno kama kitana. Spairo inataka matundu madogo yaliyokaribiana, manne kwa kila inchi, yaani kama 46 kwenye urefu wa A4. Ningeinunua ile, spairo isingepita hata tundu la tatu. Na mashine ya kubaindi kwa waya nayo ni habari nyingine, ina matundu 34 au 23. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia umbo, mashine zote hizi zinafanana.

Plastiki ya meno siisemi vibaya. Unaweza kuifungua ukaongeza kurasa, na spairo haikupi hilo. Ila vitini vyetu vinakwenda vijijini, vinabanwa kwenye vikapu na pikipiki, na meno yale hufunguka. Halafu mama aliyekaa kwenye mkeka anataka akikunje kitini chote nyuma, aandike akiwa amekishika kwa mkono mmoja. Spairo inakunjika mzunguko mzima.

Mashine niliyoichukua ilikuwa duka la tatu, ya mkono, laki tatu na ishirini baada ya kubembelezana sana. Ya umeme sikuiuliza hata bei. Boksi lake limeandikwa inatoboa karatasi 12 kwa mkupuo. Nikajaribu 12 za kwetu, za gramu 80: mpini ukagoma katikati na kingo zikatoka na nyuzinyuzi. Zikiwa 8 matundu yakatoka safi, mviringo kabisa. Nikaichukua nikijua hivyo. Kitini cha karatasi 60 kinavutwa mara nane, na kava la plastiki peke yake. Vitini 40 ni zaidi ya mivuto 300, na mkono unaujua.

Kilichonishawishi zaidi ni vile vipini vidogo vya juu ya meno ya mashine yanayotoboa karatasi, vya kuvuta ili jino lisitoboe. Ukiingiza A5, jino la mwisho huangukia ukingoni na kuacha nusu tundu, karatasi inachanika hapo hapo. Unalivuta jino hilo, basi. Mashine zingine za bei ileile hazikuwa navyo.

Sasa kosa langu. Nilipima kitini kwa rula, milimita 6, nikanunua boksi la spairo za milimita 8 nikaona nimeacha nafasi ya kutosha. Jioni hiyo nabaindi, kurasa hazigeuki. Zinabana, zinakwama kwenye mzingo. Ikabidi niagize za milimita 10 kwa kondakta wa basi, kwa nauli ya mzigo. Tangu hapo naongeza milimita 3 au 4 juu ya unene, makava yakiwemo.

Na usisahau plaizi ya kukatia. Ile maalumu inakata na kukunja ncha kwa mara moja. Nilijaribu kutumia ya fundi umeme wa jirani, ncha ikabaki wazi, ikaanza kujifungua yenyewe na kukwaruza vidole vya watu.

Ukijumlisha spairo, makava na plaizi nilivuka laki nne kwa elfu kumi na tano. Mkurugenzi aliiangalia risiti muda mrefu, akachukua kitini kimoja, akakikunja nyuma, akakigeuza, akasaini. Boksi la milimita 8 bado lipo kabatini. Juzi nimeanza kulitumia kwenye ripoti fupi za karatasi thelathini, na humo zinageuka vizuri tu.