Kumfundisha Mbwa Mdogo Kujisaidia Kwenye Trei

Mtu anayeishi ghorofani jijini Nairobi na kufuga mbwa wa aina ndogo kama Chihuahua au Maltese hana sababu ya kuona haya kumfundisha mbwa huyo kujisaidia kwenye trei ndani ya nyumba. Kwa mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, mafunzo hayo ni kinga hasa, kwani virusi vya parvo, vinavyowaletea mbwa ugonjwa hatari wa kuhara, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, ilhali chanjo zenyewe hukamilika akiwa na umri wa wiki 16 hivi. Kumteremsha mapema kwenye ua unaotumiwa na mbwa wote wa jengo ni kumhatarisha bure.

Pipi, Chihuahua wangu, alianza akiwa na miezi miwili. Mbwa wa umri huo hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili au tatu, kwa hiyo nilimpeleka kwenye trei kila alipoamka, alipomaliza kula na alipotoka kucheza. Dalili zake zilikuwa wazi: aliacha mpira ghafla, akainamisha pua sakafuni, kisha akaanza kuzunguka mahali pamoja huku akinusanusa. Hapo ndipo pa kumbeba. Alipomaliza haja, alipewa kipande cha kuku papo hapo, miguu yake ikiwa ingali ndani ya trei, kwa maana zawadi ikichelewa hata kidogo, mbwa huihusisha na jambo jingine.

Trei iwe na upande mmoja mfupi wa kuingilia na nafasi ya kutosha kugeuka, tena iwekwe mbali na chakula na malazi. Mimi hutumia chembe za karatasi zilizoshindiliwa. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana ukilowa siupendekezi kamwe, kwa kuwa watoto wa mbwa hutafuna kila wanachokiona, na mchanga huo ukivimba tumboni unaweza kuziba utumbo. Ninapobadilisha chembe, huacha chache zenye harufu ya mkojo ili Pipi apatambue mahali pake. Sakafu iliyochafuliwa, kinyume chake, isisafishwe kwa dawa yenye amonia, ambayo harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha pale pale.

Kumchapa mbwa au kumsugua pua kwenye mkojo wake ni ukatili, na kinachopatikana ni mbwa anayejificha nyuma ya kochi ili akojoe asionekane. Ikiwa aliyekwisha kuzoea trei ataanza ghafla kukojoa kwingine, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo.