Nilivyojifunza kusema nimekasirika

Nyumbani waliniita mwenye kiburi. Simu sipokei, harusini nikienda naondoka kabla masinia hayajaletwa. Mwenyewe nilishaamini ni majivuno, hadi nilipoanza matibabu ya mazungumzo Dar es Salaam, kila Jumanne, dakika 50. Kiti changu kilikuwa cha karibu na mlango. Mtaalamu, mama wa makamo, hakuniambia nisogee hata siku moja.

Yeye ndiye aliyenionyesha tofauti. Mwenye majivuno anahitaji macho ya watu yamthibitishie kuwa ana thamani. Mimi macho hayo nayakimbia. Baadaye nilisoma kuhusu Ronald Fairbairn, daktari wa Edinburgh, aliyeeleza miaka ya 1940 kwamba mtoto ambaye upendo wake haukupokewa anaweza kukua akidhani upendo wenyewe ndio unaodhuru, basi akaufungia ndani. Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Lakini kusoma hakukunibadilisha. Kilichonibadilisha ni likizo yake. Alipoaga kwamba angekuwa mbali wiki tatu nilimjibu, "Hamna shida." Aliporudi sikutokea Jumanne mbili, nilituma ujumbe kwamba kazi zimebana. Ya tatu nikaenda. Hakunilaumu. Aliniuliza taratibu, "Zamani, uliachana na nani ukasema hamna shida?"

Nikamwona bibi yangu, stendi ya Tanga, kanga yake begani. Nilikuwa na miaka saba, napelekwa mjini kwa wazazi nisiowajua vizuri. Sikulia. Watu wakanisifu: mtoto huyu mvumilivu!

Koo likanikaba, nikamwambia mtaalamu: "Mama, ulipoondoka nilikasirika."

"Nimesikia, mwanangu," akasema, na hakuongeza neno. Hakuniombea maji wala kubadilisha mazungumzo. Tulikaa hivyo mpaka muda ukaisha, na hasira yangu haikumfukuza.

Tangu hapo nimejiwekea sharti: nikitaka kukimbia, kwanza namwambia kwamba nataka kukimbia. Ni kazi ngumu, na inakwenda polepole mno; huu ni mwaka wa tatu. Upweke bado naupenda, na yeye hajawahi kutaka kuniondolea.

Bibi yuko Tanga bado. Jumapili nampigia mimi mwenyewe. Mara nyingi tunakosa la kusema, basi nawasikiliza kuku wake uani, naye hakati simu.