Filamu ndani ya nyumba ya mbao: anza na skrini

Kama unataka kuunda nyumba ndogo ya sanaa, watu waonekane madirishani na sauti za mtaa zisikike, mfano wa moteli na maghorofa madogo ya msanii Mmarekani Tracey Snelling, usianze kwa kukata mbao. Tafuta skrini kwanza, nyumba ifuate vipimo vyake.

Tableti kuukuu ya inchi 7 inatosha. Chukua yenye pikseli 1280 kwa 800. Kioo chake kina upana wa sentimita 15, yaani takriban pikseli 85 kwa sentimita. Kwa skeli ya 1:24 (sentimita 1 ni sawa na 24 za nyumba halisi), toboa madirisha matatu yenye upana wa sentimita 3.5, yakiachana kwa 1.5. Kila dirisha linapata sentimita 5 za kioo, pikseli 425. Vipande vitatu vya filamu vipange ubavu kwa ubavu katika faili moja. Wakati wa kurekodi kamera ikae kwenye stendi, maana ikitikisika chumba kizima kitayumba.

Skrini isigusane na dirisha. Ikigusa, mtu anaona televisheni, haoni chumba. Irudishe nyuma sentimita 2, kisha simamisha vigawanyo vya kadibodi nyeusi katikati ya dirisha na dirisha, vifike mpaka kwenye kioo cha tableti. Ukiacha mwanya, anayechungulia kwa pembeni atamwona mpishi wa chumba cha pili akikaangia kwa jirani! Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa, na maungio yote yazibe kwa tepu ya aluminiamu.

Sauti ndiyo huwashinda wengi. Zima ya tableti. Sauti za mtaa zitoke kwenye kichezeo kidogo cha MP3, kupitia amplifaya (kikuza sauti) ya volti 5 na spika ya ohm 8, wati 3. Filamu ikiwa ya dakika 4 na sauti ya dakika 7, zote zikijirudia, mchanganyiko uleule haurudi mpaka dakika 28 zipite. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 200, yaani sauti nzito: spika ndogo haiyawezi, na plaiwudi ya milimita 3 itatetema. Spika ielekee chini juu ya sifongo lenye tundu, nyumba ikiinuliwa kwa miguu ya sentimita 1. Ukisikia mvumo usiokatika, jaribu kuipa amplifaya chaja yake. Mara nyingi ni kelele za umeme wa chaja moja inayolisha vyote.

Ukuta wa nyuma utoboe matundu ya hewa na ufunge kwa skrubu, si gundi. Betri ya tableti inayochajiwa kutwa kwenye joto huweza kuvimba, na ikivimba lazima itoke siku hiyohiyo.