Eda ya Malkia

Jana binti yangu alikuja jikoni na Hamlet yangu ya zamani, tamthilia ya Shakespeare, ile iliyovunjika mgongo ikashikwa kwa selotepu. "Mama, ida ni nini? Umeiandika pembeni kila mahali."

Ni eda, nikamwambia, nikageukia sufuria.

Septemba anaanza darasa la AP la fasihi, yale masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari huku Marekani, na amepewa kazi ya likizo kama niliyopewa mimi: vitabu vitatu na daftari la maoni. Watu hudhani orodha ya vitabu hutoka juu, kwa College Board wanaosimamia mtihani. La, wao hawana orodha ya lazima; anayechagua ni mwalimu. Ndiyo maana kiangazi kile kizima nilimlaumu mtu ambaye hata sura yake sikuwa nimeiona.

Riwaya mbili nilizimeza Julai, na leo siwezi kukutajia mhusika hata mmoja. Nilijaribu pia kuandika insha kwa kukimbizana na saa, maana mtihani wa Mei unataka insha tatu ndani ya saa mbili: moja ya shairi, moja ya kipande cha hadithi, na moja ya kitabu unachochagua mwenyewe. Nilitegesha saa dakika 40. Ilipolia, nilikuwa bado nahangaika na utangulizi.

Hamlet ikabaki Agosti. Barua ya mwalimu ilisema tamthilia isomwe kwa sauti, na kujisomea peke yako kwa sauti kunatia haya. Basi nikamsomea Mama. Alikuwa ametoka kazini, kanga begani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nasoma mistari miwili mitatu, namfasiria. Mzuka wa mfalme ulipotokea hakushtuka, mizuka aliijua. Alichosimamia ni pale kijana anapolalamika kwamba mama yake ameshaolewa tena.

"Na nani?"

"Na shemeji yake. Ndugu wa marehemu."

Hilo halikumsumbua. "Baada ya muda gani?"

Nikarudi kwenye ukurasa. Hamlet mwenyewe hana hesabu moja: anaanza na miezi miwili, anasema hapana, haifiki, anaishia kwenye mwezi. Viatu alivyovaa mamaye kusindikiza maiti, nikafasiri, vilikuwa havijachakaa.

"Mwezi!" Mama akatoa mguu mmoja majini. "Hata eda hakukaa?"

Nikamwambia hawa si Waislamu.

"Sikukuuliza dini yake. Nimekuuliza eda."

Akahesabu kwa vidole, miezi minne na siku kumi, kama vile malkia yuko mbele yake anafundishwa. Mimi nikachochea. Nikamwonyesha pale Hamlet anapomwambia rafiki yake kwamba vyakula vya msibani ndivyo vilivyoandaliwa, vimepoa, mezani kwa harusi. Mama akacheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. "Chakula cha hitima! Wakakila arusini!"

Halafu akanyamaza.

Alinyamaza sana. Baba alipofariki, miaka mitatu kabla, Mama alikaa ndani siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu alivaa sare akaenda kazini, maana mwenye nyumba alitaka kodi yake tarehe mosi, msiba au si msiba. Inaruhusiwa, mjane mwenye dhiki hutoka mchana akatafute riziki, usiku alale kwake. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Lakini waliompigia simu kumpa pole aliwaambia yuko ndani, anakaa eda, huku nyuma yake inasikika kengele ya basi ya kuomba kushuka. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni. Hatukuwahi kulizungumza.

"Pengine hakuwa na nafasi," akasema hatimaye. Sijui alikuwa akinijibu mimi.

Tukaendelea mpaka mzuka unaposema kwamba ni nduguye aliyemmiminia sumu sikioni. Mama akanizuia kwa mkono. "Na yeye malkia, alijua?"

"Mwandishi hasemi, Mama."

"Basi kaulize huko shuleni."

Sikuuliza. Niliandika insha yangu ya kwanza juu ya eda ya Gertrude, yule malkia, kurasa nne zenye hamasa, na mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni: inavutia, lakini liko wapi ndani ya tamthilia? Alikuwa na haki. Halikuwemo. Mei nikapata 3 kati ya 5, jambo ambalo binti yangu halijui na nimepanga lisimfikie.

Miaka mingi baadaye ndipo nikagundua kwamba iko chapa ya mwaka 1603, fupi, ambayo wasomi waliizoea kuiita mbovu. Humo malkia anaapa mbele ya mwanawe kwamba hakujua kabisa habari za mauaji. Katika chapa ya 1623 kiapo hicho hakimo. Nikampigia Mama usiku uleule.

"Malkia gani?"

Nikamkumbusha: shemeji, viatu, chakula cha msiba. "Mama, kuna chapa anayosema hakujua."

"Ehee." Nikasikia anavuta kiti. "Na humo, eda alikaa?"