Sisi tunaowapa watu mgongo

Jumapili saa moja asubuhi kila mpiga kinanda wa Mtwara yuko kanisani kwake, na ikifika saa tatu bado hajatoka kwa sababu misa ya pili imeshaanza. Mlutheri yuko kwake, Mwanglikana kwake, Mmoraviani kwake, nami kwangu. Wanakwaya hutembeleana, makatekista wana semina zao, mapadre na wachungaji wana vikao vyao. Mpiga kinanda amefungwa kwenye kigoda chake, uso ukutani, na anaweza kuishi mji mmoja na mwenzake miaka nenda rudi asimsikie akipiga hata wimbo mmoja. Mzee mmoja wa Kianglikana, ambaye sasa ni mwenzetu, nilikuwa namjua kwa sura tu. Tukikutana sokoni, "shikamoo", "marahaba mwanangu", kisha kila mtu na kapu lake. Sikujua kwamba mikono ile ina muziki wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani.

Umoja wetu wa wapiga kinanda wa makanisa ya Mtwara umevunja upweke huo, ingawa haukuanzishwa kwa nia hiyo. Ulianza kwa homa. Mwenzetu mmoja aliangushwa na malaria Juma Kuu, na parokiani kwake hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa kwenye kinanda. Paroko akahangaika weee, mwisho mwalimu wa kwaya akaenda kumpigia hodi Mlutheri wa mtaa wa pili, naye akakubali palepale. Sasa Mkesha wa Pasaka kwetu Wakatoliki una mambo yake: taa zimezimwa, masomo marefu, zaburi baada ya zaburi, kisha padre anaanzisha wimbo wa Utukufu na kengele zote zinalia kwa mpigo. Mlutheri wa watu hakuambiwa habari za kengele. Zilipolia akaruka kitini, kiwiko kikagusa kibonyezo cha biti, yaani ngoma inayojipiga yenyewe ndani ya kibodi, na Utukufu wa Pasaka ukaanza kwa mdundo wa rumba. Hadi leo akichelewa kikao tunamwuliza kama anatokea Kinshasa.

Toka hapo tukaandika orodha ya kusaidiana. Ukiumwa, ukifiwa, ukienda kuwasaidia wazazi kuokota korosho Newala au Tandahimba, unajua nani wa kumpigia simu. Mengine yote, yaani darasa la vijana, kufungua vinanda vibovu na safari, yamekuja yenyewe nyuma ya orodha hiyo.

Safari ya mwaka huu ilikuwa Ndanda, kwenye abasia ya wamonaki Wabenediktini. Hupenda kukutana karibu na 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo, yaani msimamizi, wa wanamuziki. Somo wetu huyu ananichekesha kidogo. Kila picha yake imemkalisha mbele ya kinanda, ilhali masimulizi ya kale yanasema tu kwamba siku ya harusi yake vyombo vilipokuwa vikilia, yeye alikuwa akimwimbia Mungu moyoni. Kwa maneno mengine, aliyekuwa akipiga ni mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mpiga kinanda huyo! Novemba ina faida ya pili: fedha za minada ya korosho zimeanza kuingia, kwa hiyo ukitaja mchango wa nauli hupati yale manung'uniko ya mwezi wa tatu.

Tulitoka Mtwara alfajiri, tukaenda hadi Mnazi Mmoja, tukakata kushoto kuingia barabara ya Masasi. Mtama tulisimama kununua ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, tukaila garini na chumvi na pilipili. Kuanzia Nyangao mzee wa Kianglikana akageuka mwalimu wa historia. Nyangao na Lukuledi, alisema, ndizo misheni za Wabenediktini zilizotangulia huku, na zote mbili ziliharibiwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji. Ndanda ilianzishwa mwaka uliofuata, 1906, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde penye maji ya kutiririka. Mtu akamwuliza kwa utani iweje Mwanglikana ajue habari za Wakatoliki kuliko Wakatoliki. Akajibu kwamba wao walishafika Masasi tangu 1876, walikuwa na muda wa kutosha wa kutuangalia.

Jioni tulikaa kanisani abasiani kusikiliza Masifu, sala yao ya jioni. Nilikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, haina kazi. Wamonaki wanaimba zaburi kwa kupokezana pande mbili, na katikati ya kila mstari wananyamaza kidogo, pumzi moja hivi, ndipo wanamalizia. Kinanda kilikuwa chini ya sauti zao kiasi kwamba nilikisikia pale tu kilipoacha. Nilijikuta nahesabu ule unyamavu kwa vidole. Kwetu mjini ukinyamaza pumzi moja, mpiga ngoma anadhani umesahau na anakujazia.

Nimeanza kwa kusifu, lakini jambo lililonileta kuandika usiku huu ni kile kinanda cha kukanyaga.

Kigango kimoja cha jirani, kanisa dogo chini ya parokia, kilisikia kwamba tunakuja, wakakileta kwa pikiapu, kimefunikwa kwa turubai la kuanikia korosho. Harmoniamu ya zamani, mbao nzito, vifimbo vya kuvuta vimeandikwa Kijerumani. Kilikuwa kimekaa stoo tangu walipochangishana wakanunua kibodi ya umeme, na kibodi hiyo nayo imekufa kwa sababu umeme wao huja na kuondoka bila kuaga. Walitaka kujua jambo moja tu: je, kitapona?

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri akaliweka kitini. Alikanyaga pedali mara chache, akaweka sikio ubavuni mwa kinanda, akatikisa kichwa kukubali: mivukuto inashika pumzi. Kisha akapiga kibonyezo kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Vingi vilitoa sauti ya mtu mwenye mafua. Vitatu havikutoa kitu. Kimoja kililia chenyewe hata kabla hajakigusa, na hakikunyamaza.

Waliozoea kibodi peke yake huenda hawajaona tumbo la chombo hiki. Nyuma ya kila kibonyezo kuna kijumba chembamba cha mbao, na ndani yake kuna ulimi wa shaba, umebanwa upande mmoja tu, upande wa pili uko huru. Hewa ikipita, ulimi unatetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, mfupi hutoa nyembamba. Mzee alikuwa na waya aliouchonga mwenyewe wenye ncha ya kulabu. Akauingiza, akavuta, ulimi wa kwanza ukatoka umefunikwa udongo mgumu. Nyigu alikuwa amejenga mle ndani. Tuliukwangua kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu, maana ukiukwaruza hovyo unabadilisha sauti. Akatufundisha hapohapo: ukipunguza shaba kwenye ncha, sauti inapanda, ukipunguza karibu na shina pale ulipobanwa, sauti inashuka. "Kwa hiyo," akasema, "mkikosea ncha, tafuteni msamaha kwenye shina. Ila msitafute mara nyingi, shaba itaisha."

Vijana wetu, hao wenye simu zinazojua kila kitu, walikuwa wamemzunguka wameshika ndimi za shaba viganjani, kila mmoja na wake, wakiogopa hata kupumua. Kijana mmoja wa Kimoraviani akaupuliza ulimi kwa mdomo na ukalia! Basi ikawa kazi ya kupuliza. Kwa muda chumba kile kilijaa vilio vya kila namna, wanakijiji wakaja kuchungulia mlangoni.

Hakikupona chote. Mivukuto ina tundu dogo la panya ambalo tuliliziba kwa kipande cha ngozi na gundi ya fundi viatu, na gundi hiyo siiamini. Lakini katekista alipokaa akapiga wimbo wa Mtakatifu kwa vidole viwili, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, pale mlangoni akapokea kwa sauti ya pili, na wengine wakaingia. Kinanda kisichohitaji luku.

Mjini shida yetu ni nyingine. Kwenye kibodi zetu, chini ya kila kibonyezo, kuna kipira cheusi chenye kaboni kinachogusa bodi ya saketi. Hewa ya bahari ya Mtwara inaingia na chumvi yake na vumbi lake, na siku moja ukibonyeza unapata ama kimya ama kelele ya ghafla. Mafundi wengi wanakwambia nunua nyingine. Sisi tunafungua, tunafuta kwa pamba na spiriti, tunafunga. Skrubu zinazobaki mkononi tunazitia kwenye kopo. Kopo limejaa, na vinanda bado vinapiga, sijui niseme nini.

Njiani kurudi tuligombana, kama kawaida. Ugomvi wa kwanza ni wa biti. Msimamo wangu wanaujua na siubadilishi: kinanda cha kanisani hakina haja ya kuwashiwa ngoma ya kopo wakati ngoma halisi ya ngozi ipo, na mpigaji wake yupo, na anajua wimbo. Wenzangu wawili watatu wanaona nimezeeka mapema. Ugomvi wa pili ni ule wa kibonyezo cha kuhamisha ki, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima. Wazee wanasema anayekitumia hajui kupiga. Hapo nasimama na vijana. Kwaya imeanza wimbo juu kuliko uwezo wa sauti ya kwanza, mwalimu ananyoosha kidole chini, nina sekunde mbili. Kuna kibonyezo. Nisikitumie ili nimfurahishe nani?

Ugomvi wa tatu ulikuwa mtamu zaidi maana uligusa Majilio yanayokuja. Kwetu kanuni zinataka kinanda Majilio kipigwe kwa kiasi, furaha ya Noeli isitangulizwe. Kwaresima ni kali zaidi: kinasindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Mlutheri wetu akaona ajabu, "Yaani kibodi mmeinunua kwa jasho halafu mnaifunga mdomo?" Nikamweleza kwamba ndizo wiki ambazo kwaya yangu huimba vizuri kuliko zote. Bila kinanda cha kuwafichia makosa wanasikilizana. Besi wanagundua kwamba wanashuka. Akafikiri, akasema atajaribu Jumapili moja bila kumwambia mchungaji sababu. Tutaona.

Kuhusu malipo sina mengi. Wengi wetu tunapata nauli, wengine soda, na mkono wa asante kwenye harusi. Kuna kanisa moja lilimwambia mwenzetu kwamba kipaji ni cha Mungu, kwa hiyo malipo yake yako mbinguni. Fundi aliyepaka rangi ukuta nyuma ya kinanda hichohicho alilipwa taslimu wiki hiyohiyo. Tumeandika barua ya pamoja, ya adabu, na wachungaji na mapadre kadhaa wameijibu vizuri. Wengine bado wanaomba hekima.

Kinachonipa moyo ni darasa la Jumamosi. Tulianza na wavulana watupu, maana wazazi wengi huona binti wa kwaya kazi yake ni kuimba na kupendeza. Mimi mwenyewe nikawa nawafuata akina mama baada ya misa, mmoja mmoja: "Mama, mwachie aje, kuosha vyombo ataosha akirudi." Sasa wasichana wapo. Mmoja, anasoma kidato cha pili, alijifunza kwa solfa, kila wimbo ameuandika d, r, m kwenye daftari la mraba, na aliponiona na nota za mistari akaogopa. Nilimpa karatasi ileile kwa namna zote mbili akazilaza sambamba. Wiki iliyofuata alikuwa ananirekebisha kwenye ukurasa wa pili, sauti ya tatu, ambapo mnakili ameweka nukta mahali pasipo pake. Alikuwa sahihi. Nimeipiga nukta hiyo hivyohivyo miaka yote na hakuna teno aliyelalamika.

Huyo ndiye tumemweka kwenye orodha ya Krismasi, misa ya asubuhi tarehe 25, ile ya watoto. Ya mkesha ndiyo imetushinda kupanga. Makanisa yote yanataka mtu usiku uleule, mmoja wetu anajifungua Desemba, mwingine anakwenda kwao Nachingwea na hasikii la mtu. Baada ya mabishano hadi Mikindani tumekubaliana hivi: mzee wa Kianglikana atapiga ibada yake mapema, kisha bodaboda imlete kwetu aanze misa, huku mimi nikiwa kwa Wamoraviani, nami nitarudi kabla ya matoleo. Paroko hajaambiwa bado. Nimepewa kazi ya kumwambia, na vilevile ya kujifunza nyimbo za Wamoraviani ambazo siziwezi. Daftari lao ninalo hapa mezani, umeme umerudi, naanza na ule mrefu.