Usiku wa kambale kando ya Mto Snake

Mwezi Juni jua la Idaho, jimbo la magharibi mwa Marekani, huzama saa tatu na nusu usiku. Katika wiki yangu ya kwanza Boise, nyumbani kwa dada, jambo hilo lilinivuruga kabisa. Tumbo linadai chakula cha usiku, nje watoto bado wanaendesha baiskeli. Kwa hiyo shemeji aliposema Ijumaa tunakwenda kuvua usiku, nilijua tutangoja sana.

Shemeji ni mtu wa Uvira, Kongo. Alikulia kwenye mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi huwasha taa usiku wa giza ili dagaa wapande juu. Yeye anawaita ndagala. Alifika Marekani kama mkimbizi, na Boise wako Wakongo wengi waliopita njia hiyo. Mimi ni wa Rufiji. Kiswahili chake na changu hupishana mara kwa mara, lakini habari ya samaki wa usiku tunaielewa sawasawa.

Tuliondoka mchana na gari lake la mizigo. Njia inapita Weiser, kwenye mashamba ya vitunguu, kisha Cambridge, mji mdogo ambao ukipiga chafya umeshaupita. Hapo tukajaza mafuta, tukanunua maini ya kuku na leseni yangu ya kuvulia. Baada ya Cambridge barabara inateremka kwa kujipinda katikati ya vilima vikavu. Miti hakuna. Kuna nyasi za rangi ya simba, na vichaka vya majani ya kijivu ambavyo ukivikanyaga vinatoa harufu kali kama ya dawa ya kienyeji. Mwendo wote ni kama kilomita 200.

Chini kabisa ndipo yalipo maji: bwawa la Brownlee, zaidi ya kilomita 90 za Mto Snake uliozuiwa na ukuta uliokamilika mwaka 1958. Mbele yake zipo kuta nyingine mbili, Oxbow na Hells Canyon, kisha mto unaingia kwenye korongo lenye kina cha kama mita 2,400. Zamani samoni walipanda hapa kutoka baharini kwenda kutaga mayai. Kuta hizi hazina njia ya kuwapitisha, na samoni hawafiki tena. Nilisimama pale muda mrefu. Sisi nasi tuna bwawa letu sasa, la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, na mtu wa Rufiji hawezi kutazama mto uliofungwa bila kufikiria mashamba ya mafuriko na samaki wa nyumbani.

Ng'ambo ya maji ni jimbo jingine, Oregon, na saa zao pale ziko nyuma kwa saa moja. Shemeji alinionyesha kwa kidole: "Kule bado ni jana kidogo."

Hatukukaa kwenye kambi yenye taa. Alikuwa na mahali pake, kijighuba kilichopakana na bonde jembamba linaloshuka kutoka mlimani. Tulikita fimbo nne kwenye mawe, chubwi nzito, maini kwenye ndoano, na kengele ndogo kwenye ncha ya kila fimbo. Samaki wa hapa wanafanana na kambale wetu kwa sharubu tu. Ngozi yao ni ya kijivu na mkia umegawanyika. Mpaka saa tano tulikuwa na watatu ndani ya ndoo. Mwezi haukuwepo. Chura waliimba, maji yalilamba mawe, na shemeji alikuwa akinisimulia juu ya marehemu baba yake, ambaye aliweza kujua upepo unageuka kwa kunusa tu.

Kisha chura wakanyamaza.

Nilisikia kokoto moja ikiporomoka nyuma yetu. Moja tu. Shemeji akakatisha hadithi. Akageuza taa ya kichwani taratibu, na pale mdomoni mwa bonde, kama hatua 30, yakawaka macho mawili, kijani iliyochanganyika na dhahabu. Chini kidogo yakawaka mengine mawili. Halafu mengine mawili.

"Nyama iko nyuma yetu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwao mnyama ni nyama. "Shemeji, simama polepole. Usikimbiye. Usiiname."

Niseme ukweli kuhusu woga wangu. Nimezaliwa nchi ya simba. Miaka ya mwanzo ya 2000 Rufiji ilipoteza watu wengi, wengine walitolewa ndani ya madungu yao wakilinda mpunga. Mmoja wa simba hao alipouawa mwaka 2004 alikutwa na jino bovu lenye usaha. Najua jinsi kijiji kinavyolala wakati huo. Lakini simba wa kwetu, hata akiwa mbali, usiku hunguruma, na ngurumo ile inakupa hesabu: yuko upande gani, umbali gani. Huyu alikuwa amefika mgongoni mwetu na kitu pekee kilichomtaja ni kokoto.

Watu wa Idaho wanamwita simba wa mlimani. Jina hilo linadanganya. Ni puma, na katika ukoo wa paka yuko karibu zaidi na duma kuliko simba. Hawezi kunguruma, akitulia hukoroma kooni kama paka wa nyumbani, na anapatikana kutoka kaskazini mwa Kanada hadi ncha ya kusini ya Chile. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Usiku ule niliona mwili mrefu wa rangi ya vumbi, kichwa kidogo, na mkia mnene uliokaribia kugusa chini. Na watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, mmoja ameketi kabisa anatutazama.

Tulisimama bega kwa bega. Shemeji akavua koti akalinyanyua juu ya kichwa, mimi nikashika sufuria na kijiko nikapiga kwa nguvu zangu zote. Yeye akapaza sauti, Kiswahili kikachanganyika na Kifuliiru, lugha ya kwao, nadhani na zaburi ilikuwamo. Mama yule hakukimbia. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alitazama taa, akatazama upande mmoja wa bonde, akatutazama tena, kama mtu aliyekuta wageni wameketi mlangoni kwake. Wale wadogo ndio walioondoka kwanza. Naye akafuata, bila haraka, akipanda mwamba ambao mimi ningeupanda kwa mikono na magoti. Hatukumsikia hata kidogo.

Tulirudi hadi kwenye gari kinyumenyume, tukaacha ndoo, fimbo na kila kitu. Hatukulala. Mara mbili kengele ililia kule chini gizani; samaki alikuwa ameshika ndoano na hakuna aliyekwenda.

Kulipopambazuka tukawaona ndege weusi wenye matumbo meupe wakipiga kelele mdomoni mwa bonde, nikawadhania kunguru wa kwetu. Tulisogea tukiwa pamoja, sufuria mkononi. Chini ya vichaka palikuwa na rundo la nyasi na udongo lililokwanguliwa pande zote, na kwato moja ikichungulia. Alikuwa ameua swala wa huku, wale wenye masikio makubwa kama ya punda, akamfukia ili ale kwa siku kadhaa. Kutoka pale hadi kwenye ndoo yetu nilihesabu hatua 42. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za mviringo, pana kuliko kiganja changu, bila alama ya kucha, kwa sababu hukunja kucha zake anapotembea.

Shemeji alichuchumaa akazitazama. "Sisi ndio tuliingia kwake," akasema. Hatukumgusa yule swala. Tulikusanya fimbo, tukakuta samaki wetu watatu bado wako hai ndooni, na kule kambini tukawaonya watu waliokuja na watoto wasiwaache wacheze upande ule, hasa jioni.

Usiku wa pili tulivua penye taa za kambi, gari limeegeshwa nyuma yetu. Kambale saba. Kila kengele ilipolia, shemeji alimulika kwanza mlimani, akamaliza ukingo wote, ndipo aliposhika fimbo.